Gego la rangi ya fedha na mimba ya miezi minne: litolewe au liachwe?

Swali: "Shikamoo daktari. Naishi Geita, nina miaka 31 na mimba ya miezi minne. Nina magego matatu yaliyozibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha tangu nikiwa sekondari. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuna pemba, ule udongo wa kula, gego moja la chini likameguka na kipande cha dawa kikatoka. Nimekitunza kwenye karatasi. Nilienda kwa daktari mmoja wa meno, akaniambia yote matatu yatolewe haraka kwa sababu yana zebaki na inamfikia mtoto, niwekewe nyeupe. Gharama ni kubwa. Mume wangu anafanya kazi mwaloni, kule wanakosafishia dhahabu, zebaki anaijua, na yeye anasema kama ni zebaki basi ni sumu kweli. Tena anataka akichome kile kipande aone kama kina fedha. Nifanye nini?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na hongera kwa ujauzito.

Yale magego mawili yasiyokusumbua yaache kama yalivyo mpaka ujifungue na umwachishe mtoto ziwa. Hata baada ya hapo usiyatoe kwa sababu ya rangi yake tu. Hili lililomeguka lishughulikie mapema, ukiweza ndani ya mwezi huu, na lizibwe kwa dawa isiyo na zebaki. Kile kipande kisichomwe. Hayo matatu ukiyafanya leo, umeshafanya jambo kubwa. Sasa nikueleze kwa nini, maana umepewa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaweza kukuumiza mfukoni na mwilini pia.

Ni kweli kuna zebaki. Dawa hiyo sisi tunaiita amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba, mara nyingine na zinki kidogo. Mume wako ataelewa haraka kuliko wagonjwa wangu wengi, kwa sababu kazi hiyo anaifanya kwa mikono yake. Mwaloni zebaki inamwagwa kwenye mchanga uliosagwa, inazishika chembe za dhahabu na kuwa donge moja zito. Kwenye jino ni tabia ileile: zebaki inaushika unga wa fedha na bati, linatoka donge laini kama ugali mgumu, daktari analishindilia kwenye tundu, na baada ya muda linakuwa gumu kama chuma. Tofauti yake ndiyo inayobeba jibu lote la swali lako. Mwaloni lile donge linapigwa moto makusudi ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Kwenye jino kazi yote ni kuifunga zebaki isiondoke.

Je, inafungwa yote? Hapana. Kiasi kidogo sana hutoka kama mvuke, hasa unapotafuna kwa nguvu, unapokunywa kitu cha moto sana, au kama unasaga meno usiku. Kwa mtu mwenye meno saba hadi kumi yaliyozibwa hivyo, makadirio yanayotumika sana ni mikrogramu 1 hadi 5 kwa siku. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mvuke huo ukivutwa, sehemu kubwa, kama asilimia 80, hufyonzwa na mapafu na kuingia kwenye damu. Kutoka kwenye damu unaweza kuvuka kondo la nyuma. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba zebaki inaweza kumfikia mtoto hakutunga. Alichoruka ni swali la kiasi, na swali la nini kinatokea siku ile anapolichimbua jino.

Tuanze na kiasi. Mwaka 2006 zilichapishwa pamoja tafiti mbili ambazo mpaka leo ndizo tunazozitegemea zaidi kwa watoto. Moja ilifanyika kaskazini-mashariki mwa Marekani kwa watoto 534, nyingine Lisbon, Ureno, kwa watoto 507. Watoto hao waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakazibwa kwa amalgamu, nusu kwa kompoziti, ile nyeupe. Wakafuatiliwa kwa miaka mitano upande wa Marekani na saba upande wa Ureno, wakapimwa akili, kumbukumbu, mishipa ya fahamu na figo. Waliozibwa kwa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kidogo kwenye mkojo, hilo lilionekana wazi. Lakini katika akili na mishipa ya fahamu haikuonekana tofauti kati ya makundi mawili. Kitu kingine kilichojitokeza, ambacho husikii kikitajwa, ni kwamba waliowekewa nyeupe walihitaji kurudishwa kwa matengenezo mara nyingi zaidi.

Hao lakini walikuwa watoto waliokwisha kuzaliwa, na wewe unaulizia aliye tumboni. Ushelisheli, visiwa vya jirani zetu kwenye Bahari ya Hindi, watafiti wamefuatilia akina mama na watoto wao kwa miaka mingi kwa sababu watu wa huko wanakula samaki sana. Walihesabu pia meno ya akina mama yaliyozibwa kwa amalgamu, kisha wakawapima watoto wao walipofika miaka mitano na nusu. Hawakuona kwamba watoto wa akina mama wenye amalgamu nyingi wako nyuma katika ukuaji wa akili.

Nakueleza na upande wa pili, kwa sababu ni haki yako kuujua. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa Norway uliohusu wajawazito zaidi ya 72,000. Humo vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilikuwa asilimia 0.20 kwa akina mama wasio na amalgamu hata moja, na asilimia 0.67 kwa wenye meno 13 au zaidi yaliyozibwa kwayo. Kwa waliokuwa na meno machache tofauti haikuwa ya kuaminika. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba amalgamu ndiyo iliyosababisha, maana mwanamke mwenye meno 13 yaliyooza huwa ana mambo mengine mengi maishani mwake yanayohusu afya. Lakini mimi sidharau takwimu hizo, na ndiyo maana sitaki mjamzito yeyote aongezewe amalgamu mpya. Wewe una matatu, na moja limeshavunjika.

Sasa siku ya kutoa. Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini.

Amalgamu iliyokaa kwenye jino kwa miaka kumi na tano imetulia. Kuitoa maana yake ni kuikata kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa mno, na msuguano huo unazaa joto. Joto ndilo linaloifungua zebaki, sawa na moto wa mwaloni, ila kwa kiwango kidogo. Kwa dakika kumi au ishirini kinywa chako kinajaa vumbi laini la amalgamu na mvuke, na pua yako iko sentimita chache kutoka hapo. Waliowapima watu damu kabla na baada ya kutolewa amalgamu waliona zebaki ikipanda kwanza kwa siku kadhaa, kisha ikishuka taratibu, na baada ya miezi ikawa chini ya ilivyokuwa mwanzo. Kwa mtu asiye na mimba, kupanda huko kwa muda mfupi si jambo la kumtisha. Wewe una mtoto tumboni ambaye ubongo wake unajengwa miezi hiihii. Kuyachimbua magego mawili mazima ili umkinge na zebaki ni kumletea ndani ya siku chache zebaki ambayo isingemfikia, na faida yake itaanza kuonekana wakati mtoto ameshazaliwa.

Lile lililomeguka ni habari nyingine, kwa sababu lazima liguswe. Kama sehemu ya amalgamu iliyobaki imeshika vizuri na haina uozo chini yake, mara nyingi tunaweza kuziba pale palipomeguka tu bila kuichimbua yote. Kama imelegea, itatoka vipandevipande kwa kuibandua, bila kusagwa sana. Mwambie daktari hivi: "Nina mimba, naomba ukate vipande vikubwa, utumie maji mengi, na mashine ya kunyonya isitoke mdomoni." Kama wana ile karatasi ya mpira inayovishwa jino ili kulitenga na kinywa, waivishe. Madirisha yafunguliwe. Daktari anayejua kazi yake hatachukia ukimwambia hayo. Akichukia, tafuta mwingine.

Natamka hili la vumbi na mvuke kwa sababu nimeliona likiwaumiza watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Nilipoanza kazi, miaka ya tisini, katika hospitali moja ya wilaya, tulikuwa tunapokea zebaki kwenye chupa na unga wa fedha kwenye kopo. Muuguzi aliyenisaidia, mama mmoja wa makamo, alikuwa anavichanganya kwenye kinu kidogo cha kioo, anasaga kwa mchi mpaka vishikane, kisha analiweka donge kwenye kipande cha kitambaa na kulikamua kwa vidole vitupu ili zebaki iliyozidi itoke. Ile iliyotoka ilikuwa inaangukia kwenye kisahani ikicheza kama shanga. Shanga nyingine zilidondoka sakafuni na kuingia kwenye ufa wa saruji chini ya kabati. Ulikuwa ukipiga tochi usiku unaziona zinang'aa mle ndani. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na mchana wa joto tulikuwa tunalifunga kwa sababu ya vumbi la barabara. Yule mama alifanya kazi hiyo miaka mingi, mimba zake mbili zikiwa mlemle. Hakuna aliyempima mkojo hata siku moja. Mikono yake ilikuja kutetemeka, akastaafu nayo ikitetemeka, na mimi sina hata karatasi moja ya kuonyesha kama ni zebaki au ni uzee. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi amalgamu inakuja kwenye kapsuli iliyofungwa, inatikiswa kwenye mashine, haiguswi na mkono. Ni hatua kubwa. Lakini ukitaka kujua nani alikuwa hatarini zaidi kwa miaka yote hii, ni wale waliokuwa kwenye chumba kile saa nane kwa siku, kisha waliokuwa wanapokea taka za chumba kile. Mgonjwa aliyezibwa meno matatu na kurudi kwake alikuwa wa mwisho kwenye foleni hiyo.

Utaniuliza, kama ni hivyo, mbona nchi zinaipiga marufuku? Umeshasikia, au utasikia, kwamba Ulaya wameizuia. Ni kweli. Norway iliiondoa mwaka 2008, Sweden 2009, na Umoja wa Ulaya ukasitisha matumizi ya kawaida ya amalgamu kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Sisi wenyewe Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kufanya kazi 2017. Jina lake linatokana na mji wa Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na kuanzia mwaka 1956 yakajulikana maradhi ya kutisha ya mishipa ya fahamu, watoto wakizaliwa nayo. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba zebaki ya chupa isitumike tena kwenye vyumba vya meno, na kwamba amalgamu isiwekwe, au ishauriwe isiwekwe, kwa meno ya utotoni, watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hakuna budi. Novemba 2025, Geneva, zikakubaliana amalgamu ikome kabisa ifikapo 2034.

Ukisoma maamuzi hayo vizuri utaona yanahusu kuweka amalgamu mpya. Hakuna hata moja linalosema watu wapange foleni kutolewa walizonazo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipotoa ushauri wake mwaka 2020, iliwataja wajawazito na watoto miongoni mwa wasiofaa kuwekewa mpya, na papo hapo ikasema amalgamu iliyo nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu. Sababu kubwa ya marufuku ni mazingira: zebaki inayooshwa kwenye sinki, inayochomwa na taka za hospitali, inayotoka na maiti zinazochomwa katika nchi zenye desturi hiyo, ikifika majini hubadilishwa na vijidudu kuwa aina nyingine, ile ya Minamata, inayojilimbikiza kwenye samaki. Kuna pia sababu ambayo huko kwenu mnaijua kuliko Ulaya: zebaki iliyoingizwa nchini kwa jina la dawa ya meno imewahi katika nchi kadhaa kuishia kwenye machimbo ya dhahabu. Naunga mkono marufuku hayo kwa moyo wote. Ninachokataa ni mtu kuyachukua na kumtisha nayo mama mjamzito ili amuuzie kazi ya magego matatu.

Turudi kwenye gego lako. Lizibwe kwa nini?

Kuna mbili utakazotajiwa. Ya kwanza ni kompoziti, nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu. Ni nzuri, inapendeza, na kwa tundu la wastani inadumu miaka mingi. Inadai mambo mawili: pawe pakavu kabisa bila tone la mate, na taa iwe na nguvu kamili. Umeme ukiyumba au betri ya taa ikiwa imechoka, juu itakuwa ngumu na chini itabaki laini, na mwaka haupiti utarudi na maumivu. Watu huuliza kuhusu kemikali ya bisfenoli A iliyomo kwenye baadhi ya plastiki. Ni kweli chembe zake zimepimwa kwenye mate ndani ya saa za mwanzo baada ya kuziba, kisha zinapungua. Daktari akifuta uso wa dawa kwa pamba mara tu anapomaliza, nawe ukasukutua na kutema kwa nguvu, sehemu kubwa inaondoka. Sioni sababu ya kuikimbia.

Ya pili ni glasi ionoma. Ilitengenezwa London, ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashika jino yenyewe bila gundi, inavumilia unyevu kuliko kompoziti, haihitaji taa, na inatoa fluoridi kidogokidogo. Udhaifu wake ni kwamba inalika na kuvunjika kwenye gego linalotafuna kwa nguvu, hasa kama ukuta wa pembeni umeondoka. Kwa hiyo kama gego lako limemeguka ukuta mzima, ningesema kompoziti. Kama ni pembe tu, au kama hapo ulipo hawana taa nzuri, glasi ionoma nzito itakufikisha salama mpaka ujifungue, na pengine miaka kadhaa mbele.

Nataka ujue pia kwamba usidhani unapewa kitu cha daraja la chini ukizibwa bila mashine. Ile njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba hapohapo ilianzia hapa kwetu, katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Daktari Mholanzi, Jo Frencken, alikuwa mmoja wa walioianzisha. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuendeshea mashine, watu walikuwa wanang'olewa tu meno ambayo yangeweza kuokolewa. Kutoka Tanzania njia hiyo ikaenda kufanyiwa utafiti Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Leo inafundishwa katika nchi ambazo umeme haukatiki, kwa sababu mgonjwa haumii sana, mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na hakuna vumbi linalorushwa hewani. Kwa mjamzito, hilo la mwisho lina maana kubwa.

Wakati mzuri wa kutibiwa ni sasa, kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito kiasi cha kukubana ukilala kwenye kiti. Ukifika, sema una mimba ya miezi mingapi hata kama unaonekana. Ganzi ya lidokaini ni salama. Picha ya eksirei ya jino moja, ukivishwa kinga, inaruhusiwa kama kweli inahitajika. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue dukani kwa kujipimia, na kuanzia wiki ya 20 ziache kabisa isipokuwa daktari wako wa kliniki aseme. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zikatae, maana zinaingia kwenye meno ya mtoto yanayoundwa tumboni na yanakuja kuota yakiwa na rangi ya kahawia. Usisubiri mpaka ujifungue kwa kuogopa dawa. Jino lililo wazi likifika kwenye mshipa, usaha na homa vitakuwa hatari kwako na kwa mtoto kuliko zebaki yote tuliyoizungumza.

Na pemba, dada yangu, iache. Najua hamu yake, wagonjwa wangu wengi wanaificha kwenye pochi. Ina chembe za mchanga zinazosaga jino, na ndiyo iliyokumegua. Tena hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Kwenye kliniki yako ijayo waambie, wakupime.

Sasa niseme kuhusu zebaki ambayo mimi ningeihofia zaidi ningekuwa ni wewe. Magego matatu yanatoa sehemu ndogo sana za gramu. Donge moja la dhahabu likichomwa kwenye jiko la mkaa linarusha hewani gramu nzima nzima. Kama mume wako anachoma nyumbani, au chini ya mwembe uani, au anarudi na nguo za kazi na kuzitundika chumbani mnapolala, mtoto wako anapata kutoka hapo kuliko atakachopata kwenye meno yako maisha yako yote. Mwombe mambo haya kwa upole, kama baba wa mtoto: kuchoma kubaki mbali na nyumba, tena kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba linaloirudisha zebaki isipotee hewani, ambacho kwake ni akiba pia. Nguo na viatu vya kazi viishie nje, azifue yeye mwenyewe, wewe usizishike. Chupa ya zebaki isilale ndani. Na kama unatumia krimu au sabuni ya kung'arisha ngozi ambayo hujui ilikotoka, iache leo. Krimu nyingi za mkorogo zimekutwa na zebaki, na ngozi inaipokea kila siku. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, kipimo kinachoonyesha zebaki ya mvuke ni cha mkojo. Dagaa endelea kula, una mtoto wa kumjengea mifupa na damu.

Kile kipande ulichokitunza ulifanya vizuri kutokitupa. Mwambie mume wako fedha imo kweli, lakini ni kidogo mno, na zebaki iliyomo ni nyingi kuliko hiyo fedha. Akikiweka motoni jikoni ataifungua ndani ya dakika moja zebaki ambayo jino lako limeifunga kwa miaka kumi na tano, na wewe utakuwa umesimama hapohapo. Kitoe kwenye karatasi, kitie kwenye kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha, ukifunge na kukiweka juu watoto wasipofika. Siku ya kwenda kuziba nenda nacho na umkabidhi daktari. Anatakiwa awe na chupa yake ya kukusanyia mabaki ya amalgamu, isiyochanganywa na taka zinazochomwa. Muulize iko wapi, mwombe akuonyeshe, na ukione kipande chako kikiingia humo.